Tangi la matumbawe Kampala: anza na dalili, fuata chanzo

Ukiishi Mombasa na tangi lako la samaki na matumbawe likachafuka, unaweza kwenda ufukweni na madumu. Ukiwa Kampala, bahari ya karibu iko zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na kila tone lililomo tangini umelitengeneza wewe. Maji ni ya bomba au ya kisima, chumvi ni ya ndoo ya dukani, umeme ni wa mita ya Yaka, ya kulipia kabla. Ndiyo maana matatizo mengi ya matangi ya matumbawe hapa Uganda huanzia nje ya tangi. Watu humtazama samaki, huagiza dawa ya samaki, kumbe chanzo kiko jikoni au juu ya paa.

Hapa nazungumza na mtu aliyefunga tangi kubwa, tuseme la sentimita 200 kwa 60 kwa 60, yaani takriban lita 720, lenye sampu, yaani tangi dogo la vichujio na pampu, chini yake. Kabla ya kugusa chochote, pima vitu vinne na uviandike daftarini: joto, chumvi, amonia na alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili tindikali. Joto likae kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, chumvi sehemu 35 kwa elfu, amonia iwe sifuri, alkaliniti kati ya 8 na 9 kwa kipimo cha dKH. Kisha rekebisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu siku moja na tangi likapona, hutajua kipi kimeliponya, na likizidiwa hutajua kipi kimeliharibu.

Chumvi inasoma 35, lakini viumbe hawatulii

Anza hapa hata kama unakiamini kipimo chako. Refraktomita nyingi za bei nafuu, yaani vipimo vya chumvi vya kutazama kwa jicho, zimetengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi ya kawaida, si maji ya bahari. Ukiisawazisha kwa maji safi peke yake, ikifika kwenye 35 inaweza kuwa imekosea kwa sehemu moja, mbili au zaidi. Isawazishe kwa maji yenye kiwango kinachojulikana. Usipoyapata dukani, yatengeneze: gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani ndani ya gramu 963.5 za maji ya RO, yaani yaliyosafishwa kwa mashine ya utando. Mchanganyiko huo unapinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Pima kwa mizani ya kidijitali, wala usikadirie kwa kijiko.

Fungua kifuniko cha refraktomita, pangusa kioo chake kwa kitambaa laini, weka matone mawili matatu, kisha funika polepole kuanzia upande mmoja ili kiputo kisibaki ndani. Subiri nusu dakika tone lifikie joto la chombo, ndipo uelekeze dirishani na kutazama. Mstari kati ya buluu na nyeupe unatakiwa kukata kwenye 35 barabara. Usipokata hapo, zungusha skrubu ndogo ya juu mpaka ukate. Mstari ukiwa na ukungu, tone halikutosha au kuna kiputo, kwa hiyo rudia. Hidromita yenye mkono unaoelea ina shida hiyohiyo ya viputo, ila yenyewe hukosea bila kukuonyesha. Sipendi kuiona kwenye tangi la matumbawe.

Kipimo kikiwa sahihi na bado chumvi inapanda, unafidia maji yaliyovukiza kwa maji ya chumvi. Yanayovukiza ni maji matupu, chumvi hubaki. Tangi la ukubwa huu hupoteza lita kadhaa kwa siku, na zaidi wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, na zote zirudishwe kwa maji ya RO yasiyo na chumvi. Chumvi ikishuka, angalia skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) inayomwaga maji mengi kwenye kikombe chake, au boya la kujazia lililokwama wazi. Unaporekebisha, usizidishe sehemu moja kwa siku.

Halafu kuna swali ambalo halikosekani: chumvi ya Katwe je? Hapana. Ziwa Katwe liko ndani ya kreta ya volkano, na magadi yake yana kabonati na salfeti nyingi kwa uwiano usiofanana kabisa na wa bahari. Matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsiamu, na uwiano wa kalsiamu, magnesiamu na alkaliniti ndio unaowafanya wakue au wasimame. Chumvi ya mezani nayo haina madini hayo. Nunua chumvi ya akwaria ya matumbawe, kiasi cha kilo 27 kwa ujazo wa kwanza, na ndoo ikishafunguliwa ifunge ihifadhi ukavu. Hewa ya Kampala ina unyevu, na chumvi iliyoganda mabonge huacha chenga ndooni huku alkaliniti ikipungua.

Mashine ya RO inatoa matone tu, au TDS (kipimo cha vitu vilivyoyeyuka majini) haishuki

Nyumba nyingi za Kampala hupata maji kutoka tangi la plastiki lililo juu ya paa au mnarani. Hapo ndipo RO inaposhindwa. Utando wake unahitaji msukumo wa psi 50 hivi au zaidi ili ufanye kazi yake. Kila mita 10 za kimo hukupa psi 14 tu, kwa hiyo tangi lililo mita 5 juu ya mashine linatoa kama psi 7. Matokeo yake ni matone machache, maji taka mengi, na TDS inayogoma. Dawa yake ni pampu ndogo ya kuongeza msukumo, ile inayouzwa pamoja na mashine za RO. Usinunue utando mpya kabla ya kuweka kipimo cha msukumo kwenye bomba linaloingia.

Msukumo ukiwa sawa na TDS bado iko juu, pima sehemu tatu: maji yanayoingia, yanayotoka kwenye utando, na yanayotoka kwenye kopo la mwisho lenye resini, punje zinazonasa madini yaliyosalia. Utando mzima huondoa zaidi ya asilimia 90 ya kilichomo. Kama maji ya bomba yanasoma 100 na yanayotoka kwenye utando yanasoma 30, utando umekwisha, au klorini imeupitia kwa sababu kichujio cha mkaa hakikubadilishwa. Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Victoria na hutiwa klorini. Klorini huharibu utando na huua bakteria unaowahitaji. Kama utando unafanya kazi na mwisho bado si sifuri, resini imechoka. Ibadilishe mapema, kwa sababu ikianza kuchoka silika hupenya kabla ya vitu vingine.

Maji ya kisima hubeba chuma na ugumu, na katika mitaa yenye vyoo vingi vya shimo hubeba nitrati pia. Maji ya mvua ya paa la mabati huwa na zinki. Yote yanafaa, mradi yapite kwenye RO na resini kwanza.

Maji yamekuwa meupe

Chota glasi moja, uiache saa moja. Vumbi likituama chini, ni mchanga ambao haukuoshwa vya kutosha. Kichujio cha pamba kitalimaliza kwa siku mbili tatu. Ukungu ukibaki palepale na tangi ni jipya, ni bakteria waliolipuka kwa sababu ya chakula kingi. Usitie dawa. Punguza chakula, washa skima, ongeza mwendo wa maji juu. Hatari ya ukungu huo ni kumaliza oksijeni.

Kama weupe umetokea ghafla baada ya kumimina kalsiamu au alkaliniti, madini yamegandana. Shika hita: utakuta gamba jeupe linalokwaruza. Dondoshea siki, likitoa povu ni kalsiamu kabonati. Acha kuongeza madini kwa siku mbili, pima magnesiamu, na ikiwa chini ya miligramu 1,250 kwa lita ipandishe kwanza, maana ndiyo inayozuia kalsiamu na alkaliniti zisigandane majini.

Amonia haishuki

Mzunguko wa naitrojeni, yaani bakteria kugeuza amonia kuwa nitriti kisha nitrati, huchukua wiki 4 hadi 6 ukianza na mawe makavu. Ukitia amonia mpaka miligramu 2 kwa lita, baada ya muda unapaswa kuona ikishuka, nitriti ikipanda kisha nayo ishuke, nitrati ibaki. Ukikwama, uliza mambo matatu. Je, umetia amonia kupita miligramu 5? Bakteria wenyewe hulemewa, badilisha maji. Je, maji yalikuwa na klorini? Je, tangi lina joto? Usiku wa Kampala hufika nyuzi 17 au 18, na Kabale ni baridi zaidi. Bila hita bakteria hukua kwa kusuasua. Wengine hudhani ikweta haihitaji hita, lakini hapa tuko juu.

Usisome nitrati wakati nitriti bado ipo, kwani vipimo vingi vya matone huichanganya na kuonyesha nitrati kubwa isiyokuwepo.

Rangi kwenye mchanga na mawe: kahawia, nyekundu, kijani

Unga wa kahawia unaofunika kila kitu katika wiki za mwanzo ni daiatomu, mwani mdogo mno. Wanakula silika, na ikiisha wanaondoka. Wakigoma kuondoka, rudi kwenye resini ya RO, kisha uangalie mchanga wako. Mchanga wa Lwera na wa fukwe za Ziwa Victoria ni wa silika. Ni mzuri kwa zege, hausaidii tangi hili. Tumia mchanga wa aragonaiti, ambao ni wa kalsiamu kabonati.

Utando mwekundu au wa zambarau unaovulika kama ngozi ni sayanobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga. Huja pale ambapo maji yamesimama na uchafu umetulia. Unyonye kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, elekeza pampu ya mawimbi mahali pale, na utafute uchafu uliojificha nyuma ya mawe.

Kamasi ya kahawia yenye nyuzi na viputo vya hewa kwenye ncha zake ndiyo inayowasumbua watu kuliko zote, kwa sababu inafanana na hizo mbili za juu, na tiba ya moja huweza kuizidisha nyingine. Inaweza kuwa dainoflajeleti, viumbe wa chembe moja wanaoogelea. Ipime hivi: nyonya kiasi kwenye chupa, tikisa kwa nguvu mpaka isambaratike, ichuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha weka yale maji yaliyopita chini ya taa. Baada ya saa moja tazama. Nyuzi zikijikusanya tena ndani ya maji yaliyokuwa safi, hao ni dainoflajeleti, maana kila chembe inaogelea na kutafuta wenzake. Maji yakibaki safi, una daiatomu au sayanobakteria.

Dainoflajeleti wengi huja kwenye tangi lililosafishwa kupita kiasi, ambapo nitrati na fosfeti zote zinasoma sifuri. Ukibadilisha maji zaidi ili usafishe, unawapa nafasi zaidi. Fanya kinyume: simamisha kubadilisha maji, toa dawa ya kuondoa fosfeti, ongeza chakula, acha nitrati ifike miligramu 5 hadi 10 kwa lita na fosfeti 0.05 hadi 0.1. Inahitaji uvumilivu wa wiki nyingi, na konokono wanaweza kufa kwa kuwala, kwa hiyo watoe mapema.

Mwani mrefu wa kijani kama nywele huletwa na fosfeti. Hapa Uganda nitataja vyanzo viwili ambavyo mwongozo wa ng'ambo hautakutajia. Cha kwanza ni mawe. Mtu akiambiwa matumbawe yanataka mawe ya chokaa, hukumbuka Tororo, mahali saruji inapotoka. Lakini chokaa ya Tororo ni mwamba wa volkano uitwao kabonatiti, na vilima vya Sukulu vilivyo jirani vinajulikana kwa akiba ya fosfeti. Kujenga tangi lako kwa mwamba wa ukanda huo ni kuweka mbolea chini ya maji. Cha pili ni chakula. Mukene (dagaa) mkavu ni rahisi na samaki wanaupenda, lakini unga wake husambaa kabla haujaliwa, na fosfeti yote hubaki majini. Lisha vyakula vilivyogandishwa, uviyeyushe na kuvisuuza kwanza, na samaki aina ya kangaja umpe mwani mkavu wa baharini.

Samaki wanahema juu ya maji asubuhi

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 87 ya ule wa pwani, kwa hiyo hata maji yaliyoshiba oksijeni yana pungufu kwa zaidi ya sehemu ya kumi ukilinganisha na tangi lilelile likiwa Mombasa. Usiku mwani na matumbawe hawatoi oksijeni, wanaitumia. Akiba inayomvusha samaki wa pwani mpaka alfajiri huenda isimvushe wa kwako. Ndiyo maana ushauri wa idadi ya samaki unaotoka nchi za pwani uupunguze.

Hakikisha uso wa maji unachemka kwa mawimbi, hasa usiku. Skima iwake saa zote 24. Kisha tazama ndani ya nyumba. Sigiri, yaani jiko la mkaa, ikiwaka jikoni au barazani karibu na dirisha, au watu wakilala na madirisha yamefungwa, hewa ukaa hujaa chumbani na kuingia majini. pH, kipimo cha tindikali ya maji, huteremka mpaka 7.7 ingawa alkaliniti ni nzuri. Pima hivi: chota kikombe cha maji ya tangi, kitoe nje, kipulizie kwa pampu ndogo ya hewa kwa saa moja, kisha pima pH tena. Ikipanda, maji hayana tatizo, hewa ya nyumba ndiyo yenye tatizo. Vuta mpira wa hewa wa skima mpaka nje ya dirisha. Na sigiri itoke kabisa ndani ya nyumba, kwa sababu moshi wa mkaa huua watu kabla haujaua samaki.

Umeme umekatika, sebule imejaa maji

Pampu ya kurudishia maji inaposimama, bomba lake hugeuka mrija. Maji ya tangi la juu hurudi chini mpaka ncha ya bomba ipate hewa, na kama ncha hiyo iko sentimita 10 chini ya uso, lita 120 zitashuka kwenye sampu isiyo na nafasi. Inua ncha iwe karibu na uso, na utoboe tundu dogo kwenye bomba chini kidogo ya usawa wa maji ili hewa iingie mapema. Usitegemee vali ya kuzuia maji yasirudi; konokono mmoja au gamba la kalsiamu huiacha wazi.

Jaribu mwenyewe siku ya kwanza. Zima pampu, subiri maji yaache kushuka, kisha weka alama kwenye sampu usawa ambao hutakiwi kujaza kupita ukiwa unaendesha tangi. Rudia jaribio kila unapobadilisha bomba au pampu. Tundu lile lisafishe kila mwezi, linaziba kwa mwani.

Wakati wa giza, kinachohitajika kwanza ni mwendo wa maji. Taa zikizimika siku nzima matumbawe hayafi. Hita ina uchu wa umeme, na lita 720 hupoa polepole. Funika tangi kwa blanketi. Pampu moja ya mawimbi ya wati 20 inayotumia umeme wa betri moja kwa moja itakaa zaidi ya siku nzima kwenye betri ya volti 12 ya Ah 100 ukitumia nusu ya uwezo wake. Ukipitia inveta, chagua ile ya mawimbi safi. Inveta za bei ya chini na UPS nyingi za kompyuta hufanya pampu zingurume na kupata moto.

Umeme ukirudi, pampu isipozunguka usiifikirie imeungua bado. Fungua sehemu inayozunguka, uiloweke kwenye siki usiku mmoja. Mara nyingi kalsiamu ndiyo imeikaba. Na weka kifaa cha kuchelewesha umeme kama kile cha jokofu, maana volti hurudi kwa kishindo. Vifaa vilivyoletwa kutoka Marekani viangalie kibandiko chake: vya volti 120 havitavumilia 240 za hapa.

Kamba, kaa na konokono wanakufa, samaki ni wazima

Dalili hii inamaanisha sumu inayowapata viumbe wasio na uti wa mgongo: shaba, zinki au dawa ya mbu. Samaki huvumilia kiwango ambacho kamba hafiki nacho jioni.

Dawa za kupuliza za mbu na mende zina pairethroidi, sumu ya wadudu, na skima pamoja na pampu ya hewa huzivuta moja kwa moja hadi majini. Uliza kila mtu nyumbani, pamoja na dada wa kazi na mlinzi, nani alipuliza nini juzi. Katika wilaya za kaskazini na mashariki ambako nyumba zimekuwa zikipuliziwa ukutani kuzuia malaria, jiandae siku hiyo: zima skima na pampu ya hewa, funika tangi kwa plastiki, acha pampu za ndani zizungushe maji, fungua madirisha mpaka harufu iishe. Usiache kujikinga na malaria kwa ajili ya tangi. Tumia neti. Sumu ikishaingia, badilisha maji asilimia 30, weka mkaa mpya wa kuchujia, ubadilishe tena baada ya siku mbili.

Kama hakuna aliyepuliza, fuata chuma. Tafuta viungio vya shaba nyeupe na njano kwenye njia ya maji baada ya RO, sumaku ya kusafishia kioo iliyopasuka ganda, skrubu zenye kutu, ndoo iliyowahi kuwekwa dawa ya samaki yenye shaba. Dawa hiyo isiingie kamwe kwenye tangi la matumbawe. Mawe huinyonya na kuitoa kidogokidogo.

Matumbawe yamejifunga, yamepauka, au nyama inabanduka

Yakijifunga yote kwa siku moja, ni maji: chumvi, joto au alkaliniti imeruka. Likijifunga moja tu, ni mahali lilipo: pampu inalipiga, jirani analichoma usiku, au kaa analisumbua. Yakipauka yaliyo juu huku ya chini yakiwa mazima, ni mwanga. Taa mpya ianze kwa nusu ya nguvu, ipande taratibu kwa wiki kadhaa. Na tangi lisipate jua la dirishani moja kwa moja. Jua la ikweta hupandisha joto mchana, na likipita nyuzi 30 matumbawe hufukuza mwani mdogo unaowalisha.

Nyama ikibanduka kuanzia chini ya tawi na kuacha mfupa mweupe, shuku alkaliniti iliyoyumba kupita dKH 1 kwa siku. Wengi hupima kalsiamu, wanaona 420, wanaridhika. Lakini kila dKH 1 ya alkaliniti inayotumika huondoka na miligramu 7 tu za kalsiamu, kwa hiyo alkaliniti inaweza kuanguka kutoka 9 hadi 6 na kalsiamu ionekane haijatikisika. Pima alkaliniti kila siku saa ileile mpaka ujue tangi linakula kiasi gani, kisha urudishe kiasi hicho hicho. Ukitumia maji ya chokaa, iwe kalsiamu hidroksaidi safi ya kiwango cha chakula, gramu 1.5 hadi 2 kwa lita, ikidondoka polepole usiku. Chokaa ya kupakia kuta haifai.

Samaki mpya anakufa siku ya kwanza au ya pili

Aliyetoka pwani kwa barabara kupitia Malaba, au aliyeshuka Entebbe, amekaa muda mrefu kwenye mfuko. Ndani yake amonia imejaa, lakini pH imeshuka kwa sababu ya hewa ukaa, na pH ya chini huifanya amonia hiyo isiwe kali. Ukifungua mfuko, hewa ukaa hutoroka, pH hupanda, na amonia hugeuka sumu papo hapo. Ule utaratibu wa kudondoshea maji kwa saa mbili, unaomfaa samaki wa duka la jirani, hapa unamchoma mashavu. Mwombe muuzaji akueleze chumvi ya maji yake, andaa tangi la karantini lenye chumvi hiyo hiyo, acha mfuko uelee majini ukiwa bado umefungwa kwa dakika 20 ili joto lilingane, fungua, mtoe samaki na umhamishe mara moja. Maji ya mfuko yamwage.

Akianza madoa meupe kama chembe za chumvi baada ya siku kadhaa, ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon. Madoa yakiwa laini mno kama vumbi na anahema haraka, ni kimelea kingine, Amyloodinium, na hiyo haingoji wiki. Zote mbili hutibiwa kwa shaba kwenye tangi la karantini lisilo na mawe, kwa kufuata kipimo cha dawa na kupima kila siku. Tangi kuu likae bila samaki. Siku 76 ndiyo tahadhari kamili ambayo wafugaji wengi huifuata.

Mzigo ukizuiwa uwanjani, mara nyingi ni karatasi. Matumbawe yote ya mawe, kombe wakubwa na farasi wa baharini wako kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na Uganda ni mwanachama. Kibali kipatikane kabla viumbe hawajapakiwa, kwa sababu kila saa wanayongoja ghalani wanaipumua amonia yao wenyewe.

Unapata mshtuko ukigusa maji, au kioo kinalia

Usitie mkono tena. Zima kwenye breka kuu, kisha washa kifaa kimoja kimoja huku ukipima kwa mita. Mara nyingi ni hita iliyopasuka. Mwite fundi aweke swichi inayokata umeme unapovuja na ahakikishe waya wa ardhini unafika ardhini kweli. Nyaya zote ziteremke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni na lisiingie plagi.

Tangi hili likijaa, pamoja na mawe na stendi, linakaribia tani moja. Stendi ya chuma iliyochomelewa Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, ni imara, lakini ipakwe epoksi kila kona kabla ya kubeba tangi, maana maji ya chumvi yatatambaa mpaka kwenye viungio. Kila mwezi pitisha kidole kwenye pembe za kioo. Ukikuta unyevu au ukoko wa chumvi kwenye mshono, punguza maji hadi nusu siku hiyo hiyo, hamishia viumbe kwenye mapipa ya plastiki yenye pampu na hita, kisha kata silikoni yote ya zamani ya ndani. Silikoni mpya haishiki juu ya ile kuukuu. Usitumie ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, ni sumu. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya akwaria, na uiache ikauke wiki nzima kabla ya kujaza, kwanza kwa maji ya bomba matupu.